Mtu Aliyesifu Maziwa Mabovu

Jumatatu, 15 Machi 1993

Mvua imefika. Ilianza saa nane mchana upande wa Litein, ikatembea juu ya mashamba ya chai bila haraka, na ilipofika kiwandani tulikuwa tumekwisha kufunga madirisha ya chumba cha kunyaushia majani. Kila mwaka mvua ndefu zinapoanza huandika yaliyotokea hadi zinapokatika. Nilianza nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, nami sikuacha nilipoletwa hapa kuwa msimamizi wa zamu ya mchana. Wafanyakazi bado huniita Mwalimu.

Leo nimemwondoa Omwenga kwenye mdomo wa tanuri la kukaushia chai, nikampeleka kwenye boila. Ni mchapakazi, lakini ana tabia ya kugonga nguzo ya chuma kwa sepetu yake, ko-ko, ko-ko, mchana kutwa, kama mtoto aliyepewa debe. Nimemkanya mara nyingi.

"Mwalimu, ni mkono tu imezoea," akasema.

"Basi uzoee kuni."

Akamtazama Oketch. Oketch akayatazama majani. Nilidhani wananicheka.

Huyu Kepher Oketch ndiye anayesimamia uchachushaji. Majani yakishasagwa huwekwa kwenye matoroli na kupigwa na hewa, nayo hugeuka polepole kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Kuna kipindi kifupi ambapo ukali wa majani mabichi huisha na utamu kama wa matunda huingia. Hapo ndipo yanapotakiwa tanurini. Yakiwahi, chai inakuwa kali ya kukwaruza ulimi. Yakichelewa, inachacha na kufa. Rangi husaidia, lakini siku za mvua rangi hudanganya. Kinachoamua ni pua. Mwaka mzima uliopita sikuwahi kupata lawama juu ya chai ya Oketch.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Magari ya majani yamekwama njiani. Kiwanda kimetulia bila Omwenga na sepetu yake.

Ijumaa, 19 Machi

Meneja wetu, Bwana Mogaka, ameniita kwenye chumba cha kuonjea. Vikombe vilikuwa vimepangwa mezani. Akaniambia nionje cha mwisho. Nilionja, nikatema.

"Hii ni ya zamu ya nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Yangu."

"Na jana?"

Nikaonja ya jana. Ilikuwa vilevile.

Nilimwita Oketch, nikamuuliza sababu. Akasema majani yamelowa. Nikamwambia kwamba majani yamelowa kila mwaka tangu chai ipandwe katika nchi hii.

Jumatano, 24 Machi

Chai imeharibika tena: moja imechacha, nyingine mbichi. Mtu anayekosea upande mmoja amezembea. Anayekosea pande zote mbili hajali kabisa. Ndivyo nilivyomweleza Oketch, na nimemwandikia barua ya onyo la kwanza. Alitia sahihi bila kuisoma.

Kanuni ya kiwanda inajulikana: onyo la tatu ni kufukuzwa, na anayefukuzwa hutoka katika nyumba ya kampuni. Najua kwamba Oketch hana nyumba nyingine. Kwao palikuwa upande wa Fort Ternan, na nyumba hiyo iliteketea mwaka jana katika zile fujo kati ya watu wetu na Wajaluo. Mama yake, mkewe Wilkista na watoto wote wako katika chumba kimoja hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nililijua hilo nilipokuwa nikiandika. Kanuni haiulizi mtu analala wapi.

Jumapili, 28 Machi

Nimerudi kutoka kanisani, nikamkuta Oketch amesimama nje ya uzio wangu, kofia mkononi, amelowa mabega. Sikumwita, alijileta. Mke wangu, Chemutai, yuko Londiani kwa binti yetu aliyejifungua, kwa hiyo niko peke yangu nyumbani.

Mgeni ni mgeni. Nilimkaribisha, nikamwekea kiti karibu na moto, nikatoa kibuyu cha maziwa ya mala, yaliyogandishwa. Kwetu Wakipsigis mtu haondoki bila kupewa maziwa ya kibuyu, na anayepewa hakatai. Kibuyu hicho nilikisafisha mwenyewe baada ya Chemutai kuondoka. Niliharakisha. Kinatakiwa kikaushwe vizuri, kisuguliwe ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo maziwa yatiwe. Mimi nilisugua nusunusu.

Nilimimina kikombe, nikampa, kisha nikageuka kumimina changu. Hapo uvundo ulinipiga usoni. Maziwa hayakuwa yameganda, yalikuwa yameoza. Nilinyoosha mkono kumzuia, nikakuta amekwisha kunywa nusu.

"Maziwa tamu sana, Mwalimu," akasema. "Mama hapa anajua kazi."

Akanywa yaliyobaki.

Nilikaa nimeshika kikombe changu bila kukigusa kwa midomo. Mbwa asingeyalamba maziwa yale. Nikamtazama vizuri usoni, nisione hata mkunjo mmoja. Nikawaza: mtu anayeweza kuniangalia machoni na kusifu uozo, atashindwaje kuniambia chai ni nzuri huku akijua ni mbovu? Huyu hana ugonjwa wa uzembe tu. Ni mwongo, tena mwongo wa kujipendekeza.

"Mwalimu," akaanza, "kuna kitu nimekuja kukuambia. Hii maneno ya kazi..."

"Maneno ya kazi yana mahali pake na siku yake," nikamkatiza. "Leo ni Jumapili."

Akakigeuza kikombe kitupu mkononi. Kisha akashukuru, akavaa kofia, akaenda zake mvuani.

Jumanne, 30 Machi

Maneno yamezuka kantini wakati wa chakula. Kipkorir wa chumba cha kunyaushia alisema kwa sauti, ili asikike, "Hawa watu wa ziwani wamezoea kunusa samaki. Chai watajulia wapi?"

Watu wakacheka. Oketch akaendelea kumega ugali wake.

"Ni kweli, Kipkorir," akasema. "Lakini samaki tunajua kitu moja. Ikianza kuoza, inaanzia kichwa."

Kicheko kikakatika. Wote wakanitazama mimi.

Niliwaamuru warudi kazini. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu ni utovu wa nidhamu wa pande mbili, ila wa Oketch ndio ulionikera zaidi.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua ya mawe. Imedumu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ikaacha vichaka vimechanika kama vilivyotafunwa na mbuzi. Majani yaliyopondwa na mawe huanza kugeuka rangi kabla hayajafika kiwandani. Wiki ijayo itakuwa ngumu kwa yeyote anayefanya kazi kwa macho.

Jumanne, 6 Aprili

Chai ya mvua ya mawe imeharibika, karibu yote ya zamu yangu. Zamu nyingine zimeokoa zaidi ya nusu. Bwana Mogaka hakuniita ofisini. Alinijia mwenyewe, akasimama mbele ya wafanyakazi, akauliza kama msimamizi wa zamu hii yupo.

Nimeandika onyo la pili. Nilimpa Oketch mkononi.

"Sasa imebaki moja," akasema.

"Wewe ndiye utakayeamua."

"Sawa, Mwalimu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Omwenga anaweza kurudi tanuri?"

Nikamuuliza Omwenga anahusikaje na uzembe wake. Alitikisa kichwa tu, akarudi kwenye matoroli.

Alhamisi, 8 Aprili

Mvua.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Chemutai amerudi jana na habari njema za mjukuu. Leo baada ya ibada alikuwa akisafisha vibuyu, akakifungua kile nilichokuwa nimekisahau pembeni. Alitoka nacho nje akikimbia, amejifunika pua kwa kitambaa cha kichwa.

"Baba Chepchumba, hiki ulitaka kumuua nani?"

Nikamsimulia kisa cha Oketch, jinsi alivyokunywa na kusifu. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Alikunywa yote?"

"Yote. Akasema ni matamu."

"Mtu hanywi hii kwa adabu," akasema. "Adabu inafika mahali inakwama kooni. Alikuwa na shida gani?"

"Shida yake ni uongo."

"Ulimuuliza?"

Nikamwambia kwamba alitaka kusema jambo nami nikamkatiza kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Chemutai akaendelea kumwaga maji ya moto kibuyuni. Baadaye sana, nilipodhani amekwisha kusahau, akasema, "Hata hapo shuleni ulikuwa hivyo. Mtoto akikosea jibu unajua ni mjinga. Ukipata jibu lako, swali umemaliza."

Jumatano, 14 Aprili

Chai ni ya wastani. Oketch amekonda. Leo nilimwona akiinua konzi ya majani mara nyingi kupita kawaida, akiyanusa kwa nguvu, kama mtu anayevuta maji kwenye kisima kilichokauka.

Jumanne, 20 Aprili

Nitaandika ya leo kwa utaratibu wake, maana nikiyaacha hadi kesho nitayapanga yanipendelee.

Mvua ilikuwa kubwa alasiri. Nilikuwa uani nikihesabiwa magunia ya majani, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Kabla sijafuta macho nilisikia harufu ya kuungua. Haikuwa ya kuni. Ilikuwa ya chai, kali, yenye kukwaruza koo. Vumbi la chai hujikusanya chini ya trei za tanuri, na lisipozolewa huanza kufuka. Likishika moto sawasawa, paa la kiwanda halibaki. Mtu aliyechukua nafasi ya Omwenga alikuwa ametoka kwenda kuchukua mifuko.

Oketch alikuwa karibu na tanuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameligeuzia tanuri mgongo, ameinamia toroli, konzi ya majani puani, macho ameyafumba. Moshi ulikuwa bado mwembamba, ukipita kando ya bega lake. Mimi mlangoni nilikuwa tayari nakohoa.

"Oketch."

Akageuka kwa utulivu kabisa. "Mwalimu. Bado kidogo tu, hii itakuwa tayari."

Kabla sijasema zaidi, mlango wa boila ukafunguliwa kwa kishindo. Omwenga aliingia kifua wazi, sepetu mkononi. Hakupiga kelele. Aliipiga ile nguzo ya chuma, ko-ko, ko-ko.

Oketch aliyaachia majani yakaanguka sakafuni. Hakunitazama mimi, wala hakulitazama tanuri. Alimtazama Omwenga, akasubiri, kama mtu anayengoja kuambiwa. Omwenga akamwonyesha kwa sepetu mahali moshi ulipokuwa ukitokea. Ndipo alipouona.

Tulizima mashine. Oketch alikuwa wa kwanza kuingiza reki chini ya trei, Omwenga akazoa makaa, mimi nikaleta maji. Omwenga ameungua kifundo cha mkono, si vibaya. Moto haukufika mbali.

Bwana Mogaka alikuja wakati tunafagia majivu.

"Nani alikuwa hapa moto ulipoanza?"

Mimi nikajibu, kwa sababu ndio ukweli. "Oketch alikuwa karibu zaidi."

"Alikuwa karibu, na hakusema kitu." Alimtazama Oketch kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. "Barua ya tatu, Mwalimu. Iwe mezani kwangu Jumamosi asubuhi."

Akatoka. Oketch akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Nikabaki nimeishika ndoo. Nilikuwa naona kikombe cha maziwa mkononi mwa mtu aliyelowa mabega, na uso usio na mkunjo. Hakuwa amesema uongo siku ile. Hakujua.

Na ule mlio wa chuma, niliouita utoto, ulikuwa pua yake. Niliuondoa mimi mwenyewe, siku ya kwanza ya mvua.

Jumatano, 21 Aprili

Jioni nilikwenda laini. Sijawahi kuingia katika nyumba ya mfanyakazi wangu hata mmoja. Nilidhani ndio uadilifu. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa jiko. Wilkista alikuwa akikaanga omena. Oketch alisimama nilipoingia, akanipa kiti kimoja kilichokuwapo.

"Umeleta barua," akasema.

"Sijaleta barua. Oketch, wewe husikii harufu."

Wilkista akageuza omena. "Mwambie," akasema bila kugeuka. "Ama nimwambie mimi."

Akanieleza akiangalia sakafu. Siku nyumba yao ilipochomwa, mama yake alikuwa ndani. Aliingia kumtoa. Godoro lilikuwa linawaka, na moshi wake haukuwa kama moshi mwingine. Ulikuwa mweusi na mzito, ukamjaa hadi machoni. Akatoka na mama mgongoni. Alikohoa wiki nyingi. Kikohozi kilipoisha alirudi kazini, akainama juu ya majani siku ya kwanza, na hapakuwa na kitu.

"Nilifikiri majani iko na shida," akasema. "Nikaenda nyumbani nikanusa sabuni. Nikanusa mtoto. Hakuna."

Akamwambia Omwenga peke yake. Omwenga akasema, wewe una macho na unajua kazi, mimi nina pua. Toroli ikiwa tayari nitagonga. Ndivyo walivyoitengeneza chai nzuri mwaka mzima mbele ya macho yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja. Ile Jumapili. Ukanipatia maziwa." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa mbaya?"

"Yalikuwa yameoza."

"Sana?"

"Chemutai aliyatoa nje akikimbia."

Wilkista aliinama juu ya sufuria, mabega yakitikisika. Nilidhani analia, alikuwa anacheka. Oketch mwenyewe alikuwa karibu kucheka, kisha kicheko kikamwacha.

"Na kabla ya Jumapili hiyo?" nikauliza. "Mwaka mzima ulikuwa na nafasi."

"Mwalimu, ile moto iliwashwa na watu. Mimi sijui ni nani, na sisemi ni wewe. Lakini nilirudi kazi baada ya nyumba kuchomwa, na kitu ya kwanza uliniambia ni nimechelewa. Mpaka leo hujawahi kuniuliza mama yangu anaendeleaje. Ningeanzia wapi?"

Nilikuwa nimezoea kuwa mtu mwenye jibu. Nikamuuliza mama yake anaendeleaje.

"Yuko hapo nyuma yako. Muulize."

Mama Akello alikuwa amekaa pembeni, kwenye kivuli cha kabati, na sikuwa nimemwona. Nikamwamkia. Akanijibu kwa Kijaluo, maneno mengi. Wilkista akatafsiri: "Anasema anaendelea vizuri. Anauliza kama umekula."

Nilikula nao. Nilimwambia Oketch kabla ya kuondoka kwamba sitamrudisha kwenye uchachushaji, hata Omwenga akirudi kugonga. Mtu asiyesikia moshi hawezi kusimama karibu na tanuri, na hilo sitalilegeza kwa huruma yoyote. Uso wake ulijifunga kama dirisha.

"Kwa hivyo ni kufukuzwa tu, na maneno tamu," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema lolote, Mwalimu."

Ni kweli. Nilikuwa bado sijajua nitampeleka wapi.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimempeleka Oketch kwa daktari wa misheni. Daktari alimpima kwa vichupa kadhaa vya harufu. Amesema huenda pua yake isinuse tena. Tulirudi kwa miguu, mvua ikitupiga upande mmoja.

Jumamosi, 24 Aprili

Nilifika ofisini kwa Bwana Mogaka mikono mitupu. Alitazama mikono yangu kwanza.

"Barua iko wapi?"

Nikamweleza yote: moshi, pua, Omwenga na sepetu yake. Alisikiliza. Si mtu mbaya; amepewa kiwanda kinachozalisha chai mbovu, na wakubwa wake wanampigia simu.

"Kwa hiyo amenidanganya mwaka mzima," akasema.

"Ameficha. Na chai ya mwaka huo mzima uliisifu mwenyewe."

"Mwalimu, mimi nauza chai. Siuzi huruma."

"Sikuombi huruma. Chai iliharibika nilipomhamisha Omwenga bila kuuliza kwa nini anagonga. Baada ya hapo niliandika barua mbili bila kuuliza swali hata moja. Nikiwa msimamizi, hayo ni makosa ya kazi. Kama barua ya tatu lazima iandikwe, iandike wewe, na jina liwe langu."

Alicheka, kisha akaona kwamba sicheki.

"Unakaribia kustaafu. Utaharibu mwisho wako kwa ajili ya huyu?"

"Mwisho wangu nimekaribia kuuharibu kwa njia nyingine."

Alisimama akaenda dirishani. Mvua ilikuwa imefunika hadi vichaka vya karibu. Nilimweleza ninalolitaka: Oketch aende chumba cha kunyaushia, mbali na moto, ambako majani hupimwa kwa mkono. Omwenga achukue uchachushaji, kwa kuwa pua ilikuwa yake tangu mwanzo.

"Mpaka mwisho wa Mei," akasema hatimaye, bado amenipa mgongo. "Majani yakiingia kwenye mashine hayajanyauka vizuri, anaondoka. Na wewe nitakuandikia hiyo barua unayoitamani."

Jumatatu, 26 Aprili

Omwenga amekataa. "Siwezi kuchukua kazi ya rafiki yangu." Oketch ndiye aliyemjibu, kwa ukali: "Chukua. Umekuwa ukiifanya bure." Wakaachana bila kusalimiana. Oketch amepanda ngazi kwenda kunyaushia kama anayepanda mahakamani. Huko kuna Kipkorir.

Alhamisi, 29 Aprili

Majani yamepelekwa mabichi kwenye mashine. Bwana Mogaka alinionyesha kidole kimoja tu, kuhesabu kosa la kwanza.

Jumatatu, 3 Mei

Nimebadilisha ratiba yangu. Kila asubuhi kabla ya kazi nasimama na Oketch kwenye vitanda vya kunyaushia, tunajaribu. Unashika konzi ya majani, unabana ngumi, unafungua. Majani mabichi huruka wazi na kuvunjika. Yaliyonyauka sawasawa hubaki kama tonge, kisha hufunguka polepole.

"Hii?" akauliza.

"Unaonaje wewe?"

"Mwalimu, nimekuuliza."

"Nami nimekuuliza."

Akabana tena. "Bado."

Ilikuwa bado. Kwa zaidi ya miaka thelathini ya kuwasimamia watoto na watu wazima, sijui kama niliwahi kumwacha mtu apate jibu mwenyewe huku nikiwa na jibu mdomoni.

Ijumaa, 7 Mei

Leo Kipkorir alianza tena mambo ya samaki. Safari hii nilimwambia, mbele ya wote, moshi ulioiua pua ya Oketch ulitoka wapi na nani alikuwa mgongoni mwake alipotoka. Sikusema zaidi. Hakuna aliyecheka. Mwezi Machi sikumkanya, na nilikuwa pale pale.

Baadaye Oketch akaniambia, "Hiyo ilikuwa yangu kusema, Mwalimu."

Ana haki. Nimemwomba radhi.

Jumatano, 12 Mei

Mvua. Majani mengi. Hakuna lawama.

Jumanne, 18 Mei

Kipkorir alikuwa karibu kushusha kitanda kizima kwenda mashine. Oketch akatia mkono chini kabisa, kwenye tabaka la ndani, akabana, akamwambia asubiri. Kipkorir akatia mkono wake. Akasubiri.

Jumatatu, 31 Mei

Bwana Mogaka alipanda chumba cha kunyaushia asubuhi. Alipita kitanda kwa kitanda, akibana konzi na kuachia. Kwenye cha mwisho alibana kwa muda mrefu, akafungua, sote tukatazama kile kitonge kikifunguka mkononi mwake. Akakung'uta vidole, akashuka ngazi.

Adhuhuri karani alileta karatasi. Oketch amethibitishwa kazini hapo alipo. Ngazi ya malipo imeshuka kidogo, na hilo limemuuma, sitamwambia asiumie. Nyumba inabaki yake.

Kule chini nilisikia ko-ko, ko-ko. Omwenga ana pua yake na kazi yake, na bado anagonga. Nimemwacha.

Jumapili, 6 Juni

Mvua zimepungua, leo jua limetoka hadi jioni. Oketch amekuja na Wilkista na Mama Akello. Niliwaalika, na waliitika. Chemutai alikiandaa kibuyu mwenyewe, tangu wiki iliyopita, na hakuniruhusu kukigusa.

Alimimina vikombe. Oketch alipokea chake, lakini hakunywa. Alikishika kwa mikono yote miwili, akanitazama.

"Mwalimu, na hii je?"

Chemutai alicheka hadi akaketi. Nilikichukua kikombe, nikanusa, nikamrudishia.

"Haya ni mazuri."

"Inanuka aje?"

Sikuwa nimetegemea swali hilo. Nilinusa changu tena. Kitu cha kwanza katika maziwa ya kibuyu, kabla ya uchachu, kabla ya utamu, ni kimoja tu, nami sikutaka kumtajia mtu yule kitu hicho. Nikatafuta neno lingine. Halikuwapo.

"Moshi," nikasema.

Wilkista alikitua kikombe chake chini. Oketch hakusogea.

"Moshi ya nini?"

"Wa senetwet. Ni mti tu. Mama mwenye nyumba hukata kijiti, hukichoma taratibu hadi kiwe mkaa, akausugua mkaa huo ndani ya kibuyu. Ndio unaoyalinda maziwa. Bila huo yanaoza, kama yale niliyokupa."

Alikitazama kikombe. Kisha akamgeukia mama yake, akamweleza kwa Kijaluo. Mama Akello alisikiliza hadi mwisho, akanusa kikombe chake, akamwambia mwanawe maneno machache.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema ni kweli." Akakiinua kikombe. "Anasema si kama ile moshi ingine."

Akanywa.